Mazoezi ya mpanda miamba Mombasa msimu wa masika

Masika yakianza mwezi wa nne, mpanda miamba wa Mombasa huhamia ndani, na aghalabu hukaa huko mpaka mwezi wa sita. Mwezi wa tano ndio mzito kuliko yote. Shida ni kwamba ndani nako hakukauki. Mvua hukatika lakini unyevu hubaki hewani, sakafu ya saruji hutoka jasho, mbao huteleza, na ngozi ya vidole hulainika hadi kuchanika kwa kishikio ambacho mwezi wa pili hungekiona kitu. Wengi wakiona hivyo hukimbilia kujenga ukuta wa mbao. Ukuta ni mzuri, lakini pesa ya kwanza iende kwenye feni, na kazi ya kwanza ifanywe kwa mtungi wa maji wa plastiki.

Mikono mikavu kwanza

Jasho la vidole hukauka pale hewa inapoweza kulibeba. Hewa ya Mombasa wakati wa masika imeshiba maji tayari, kwa hiyo kukaa umetulia ukingoja mikono ikauke ni kupoteza muda. Feni hupangusa ile hewa nzito iliyoganda juu ya ngozi na kuleta nyingine. Feni ya darini haitoshi kwa kazi hii, maana upepo wake hutawanyika chumba kizima. Chukua ya kusimama, iweke mita moja hadi mita moja na nusu kutoka unapofanyia mazoezi, ielekee vishikio, na uiwashe dakika kumi kabla ya kuanza ili mbao nazo zipate upepo. Kati ya seti na seti, nyoosha viganja mbele yake.

Kipima unyevu kidogo cha betri ni kitu cha kununua mapema. Kikisoma chini ya asilimia 70, siku hiyo fanya kazi nzito ya vidole. Kati ya 70 na 80 inawezekana, mradi feni inafanya kazi. Kikipita 80 achana na vishikio vidogo, ufanye tumbo, mabega na miguu. Sababu si uvivu: kidole kinachoteleza ghafla kutoka kwenye ukingo mwembamba huacha ngozi nyuma, na vile vidole vilivyobaki hupokea mzigo wote kwa mshtuko. Majeraha mengi ya vidole huingilia hapo.

Kuhusu saa ya mazoezi, alfajiri kuna baridi kidogo lakini unyevu ndio uko juu kabisa. Alasiri unyevu hushuka, joto nalo hupanda. Mwenye chumba chenye kiyoyozi hana haja ya kupiga hesabu hizi, kwa kuwa kiyoyozi hukausha hewa huku kikiipoza. Asiye nacho atafaidika zaidi na jioni baada ya siku ya jua, dirisha la upande wa upepo likiwa wazi. Mvua inaponyesha, lifunge.

Chaki ya mpanda miamba ni kaboneti ya magnesi, ile ile wanayotumia wabeba vyuma na wanasarakasi. Chaki ya ubao wa shule isikudanganye kwa weupe wake: mara nyingi ni jasi au chokaa, hainywi jasho ipasavyo, na ikilowa hugeuka tope la kutelezesha. Kwa hewa yetu, chaki ya maji ndiyo inayofaa zaidi, na kuitengeneza si kazi. Tia mililita 100 za spiriti ya isopropili, ya asilimia 70 au zaidi, kwenye chupa ya plastiki yenye mdomo mpana. Ongeza unga wa kaboneti ya magnesi kidogo kidogo huku ukitikisa, mpaka ufanane na uji mzito. Paka kiasi cha kijiko cha chai, sugua viganja na ncha za vidole, kisha ngoja kama nusu dakika spiriti iruke. Usitumie ile spiriti ya kusafishia vidonda inayouzwa kwenye maduka ya dawa bila kusoma kibandiko, kwa sababu aina nyingi hutiwa mafuta ya mbarika, nayo yataacha utelezi mkononi. Na chupa ikae mbali na jiko. Hii ni spiriti, inashika moto.

Ngozi yenyewe ipunguzwe kwa msasa laini pale inapoinuka vinundu, usiku, baada ya kunawa. Mafuta ya nazi hayana ubaya ukipaka tone moja wakati wa kulala. Asubuhi ya mazoezi yasikaribie mkono.

Mtungi, kamba na kipande cha mbao

Zoezi hili halihitaji tundu ukutani wala ruhusa ya mwenye nyumba, na linafanyika barazani, sebuleni au juu ya paa. Unainua mtungi wa maji kwa ncha za vidole. Kwa anayeanza, ni salama kuliko kuning'inia, kwa sababu anayening'inia hubeba mwili wote atake asitake, ilhali mtungi huuongezea maji kwa kipimo: lita moja ni kilo moja, na mtungi mtupu wa lita 20 una takriban kilo moja wenyewe.

Mpelekee seremala vipimo hivi, au fanya mwenyewe kama una msumeno na msasa. Ubao wa mvule au mbao nyingine ngumu, urefu sentimita 15, kimo sentimita 12, unene sentimita 2.5. Kwenye uso wake wa mbele, sambamba na ukingo wa juu, gundisha kipande cha urefu uleule kitakachojitokeza mbele milimita 20 kamili, halafu ukifunge kwa skurubu tatu kutoka nyuma. Upande wa chini wa kipande hicho ndipo vidole vitakapojishikiza, kwa hiyo pembe yake ya mbele iviringishwe kwa tupa na kumaliziwa kwa msasa namba 120, kisha 240. Pembe kali hukata ngozi na hukufanya udhani huna nguvu, kumbe ni maumivu tu. Usipake vanishi. Katikati ya ukingo wa chini toboa tundu la milimita 10 la kupitisha kamba. Unaposugua mvule ziba pua na mdomo. Vumbi lake huwasha ngozi na mapafu.

Funga kamba kwenye mpini wa mtungi ukiwa umeuzungushia kitambaa. Mitungi iliyokaa juani miaka mingi huwa na nyufa kwenye mpini, nayo hupasuka bila kukuarifu, kwa hiyo ichunguze kwanza. Urefu wa kamba uwe wa kukuwezesha kusimama wima, mkono umenyooka, mtungi ukiwa umegusa sakafu na kamba imekaza.

Pasha mwili moto dakika 10 hadi 15 kabla ya kuinua chochote: zungusha mabega, piga pushapu mbili tatu, fungua na kufunga ngumi, kisha uinue mtungi wenye maji nusu ya kiasi cha siku hiyo, mara nne au tano. Usiruke hatua hii kwa kuwa Mombasa ni joto. Joto la hewa halipashi kano.

Namna ya kushika: vidole vinne chini ya ukingo, vifundo vya kati vimekunjwa karibu pembe mraba, kidole gumba kando bila kufunga juu ya vingine. Inua mtungi sentimita mbili tatu kwa kukaza miguu na mgongo taratibu, usiunyakue. Shikilia sekunde 10. Teremsha. Pumzika dakika moja, ubadilishe mkono. Kila mkono mara tano. Mara mbili kwa wiki zinatosha, na siku mbili kamili zipite kati ya moja na nyingine.

Kiasi cha maji ukipate hivi. Anza na lita 10. Ukiona sekunde 10 zimepita na ungeweza kuendelea na zaidi ya tatu nyingine, ongeza lita mbili. Endelea mpaka ufikie mzigo ambao sekunde ya kumi inakupata ukiwa umebakiwa na tatu hivi. Huo ndio mzigo wako wa mazoezi. Siku utakapomaliza zote tano bila kidole kufunguka, zidisha lita moja safari inayofuata, basi. Ukipita lita 20, fungia mtungi wa pili kwenye kamba ileile. Andika kila siku lita ngapi na unyevu ulikuwa asilimia ngapi. Bila namba ya pili utadhani umedhoofika, na kumbe ni hewa.

Misuli ya mkono, kati ya kiwiko na kiganja, hukua kwa wiki chache. Kano na vile vikanda vinavyozishikilia kwenye mfupa wa kidole huchukua miezi mingi, kwa kuwa damu huvifikia kwa uchache. Ndiyo maana wiki ya sita au ya saba ni ya hatari: mtu anajisikia ana nguvu, anaongeza lita tano kwa mkupuo, kisha anasikia "pa!" kwenye shina la kidole cha pete. Ukisikia hivyo, au ukipata maumivu upande wa kiganja ukibonyeza shina la kidole, simamisha kazi ya vidole na umwone daktari au mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Watoto na vijana ambao mifupa bado inakua waachwe wapande tu, wasipewe mazoezi haya ya mzigo.

Kila baada ya kuinua, fanya kinyume chake: vaa mpira wa kufungia noti kwenye ncha za vidole vyote vitano, vifungue dhidi yake mara 20, seti tatu, kisha pushapu. Mpanda miamba asiyefanya hivi hujulikana kwa mabega yaliyoinama mbele.

Ukitaka kuning'inia

Nyumba nyingi za Mombasa zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyokatwa. Jiwe hilo lina vitundu vingi, na bolti ya kupanuka ikikazwa ndani yake hulipasua au hulegea polepole. Bolti zako zinataka zege lenye nondo: linta ya juu ya mlango, au boriti ya zege inayozunguka nyumba. Vumbi la drili ndilo litakalokuambia. Likitoka jeupe na drili inazama kwa urahisi, umo kwenye tumbawe. Likitoka la kijivu na drili inalalamika, umefika kwenye zege. Kaa angalau sentimita 8 kutoka ukingo wa chini wa linta. Kwanza funga ubao wa mvule wa inchi 2 kwa 8, urefu sentimita 90, kwa bolti nne za milimita 10, halafu ubao wa vidole, ule wenye kingo nyembamba za kuning'inia kwa ncha za vidole, uufunge kwenye mvule huo kwa skurubu. Kipimo cha tundu kifuate maandishi ya pakiti ya bolti. Kabla ya kujiamini, ning'iniza mzigo unaozidi uzito wako mara moja na nusu kwa nusu saa, kisha uangalie kama kuna ufa mpya kwenye lipu.

Mji wa Kale usitoboe. Kuta zake ni za matumbawe na chokaa na eneo lote linalindwa kisheria. Boriti za mikoko za darini nazo usizitundikie mwili wako hata zionekane nene namna gani, kwani hujui wadudu wamekula kiasi gani upande usiouona. Huko baki na mtungi.

Ukuta wa digrii 30

Mwenye chumba cha dari ya mita 2.6 anaweza kupata ukuta wa kweli kwa karatasi moja ya plaiwudi ya milimita 18, ile ya futi 8 kwa 4. Ikilazwa digrii 30 kutoka wima, kimo chake kinakuwa mita 2.11 na inajitokeza mbele mita 1.22. Weka chini yake ubao wima wa sentimita 30 wa kuanzia miguu, jumla inafika mita 2.41. Digrii 40 ni kali mno kwa anayeanza, na utaishia kupanda vishikio vikubwa tu.

Uti wa fremu ni mbao nne za 2 kwa 4, katikati ya kila moja ikiwa sentimita 2, 41, 81 na 120 kutoka ukingo wa kushoto. Safu za matundu ya bolti za vishikio zipande kwenye sentimita 11, 31, 51, 71, 91 na 111. Ukifuata namba hizi hakuna tundu litakaloangukia juu ya ubao wa fremu, kosa ambalo huonekana baada ya kazi kwisha. Kwenda juu, anza sentimita 12 kutoka chini kisha kila sentimita 20. Utapata matundu 72. Toboa kwa milimita 12, kutoka upande wa mbele, ili plaiwudi ikichanika ichanikie nyuma. Nati za meno za bolti ya milimita 10 hupigwa kutoka nyuma. Ukitoboa kwa milimita 13 nati itazunguka pamoja na bolti na hutaweza kuitoa. Dawa yake ni skurubu mbili ndogo pembeni mwa nati, lakini lazima ufike nyuma, ndiyo sababu usiegemeze ukuta moja kwa moja kwenye ukuta wa nyumba. Acha nafasi ya mkono kupita. Hewa nayo itapita hapohapo.

Juu, fremu ifungwe kwenye zege kama linta iliyotajwa, ama isimamishwe kwa miguu miwili ya mbele iliyounganishwa chini na fremu ili isiteleze. Chini, isigusane na udongo: iweke juu ya matofali, mchwa wasipate njia. Kingo zote za plaiwudi zipakwe vanishi mara mbili, maana maji huingilia kwenye kingo na tabaka hufunguka. Uso wa mbele uache mtupu. Bolti zipake grisi kidogo kabla ya kuzifunga, la sivyo hewa ya chumvi itazigandisha kwenye nati kabla mwaka haujaisha. Kuweka ukuta nje chini ya makuti kunavutia, ila dhoruba moja ya kusi hurusha maji hadi ndani.

Vishikio vya mbao vinatosha, na ngozi huvumilia mbao kuliko plastiki yenye mchanga. Chini weka godoro gumu juu ya godoro laini, sio kinyume chake, na usiache upenyo kati ya magodoro ambamo kifundo cha mguu kinaweza kuingia. Yainue kila jioni yapigwe na upepo.

Panda njia za hatua 6 hadi 10, pumzika dakika tatu, rudia. Baada ya njia 12 hivi za nguvu, acha. Kwa stamina, siku nyingine, zunguka ukutani kwa vishikio vikubwa dakika tatu bila kushuka, pumzika tatu, mara nne.

Kamba, viatu na vyuma

Kamba ya nailoni iliyolowa hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kumeza mshtuko wa kuanguka, kwa hiyo haipandiwi mpaka ikauke kabisa. Ianike ndani, kivulini, imetandazwa. Jua la Mombasa huila nailoni. Ikipata chumvi, ioshe kwa maji baridi yasiyo na sabuni ya kung'arisha. Usiihifadhi karibu na betri ya gari, kwani mvuke wa asidi huiharibu bila kuacha alama. Karabina, zile pete za chuma za kuunganishia kamba, ziloweshwe kwenye maji baridi, zikaushwe, bawaba zipakwe nta. Viatu vijazwe magazeti, vikauke kwenye upepo. Juani gundi ya soli huachia. Kwenye mfuko wa vifaa tia vipande vya makaa vilivyofungwa kitambaani.

Mvua ikikatika

Mawe hayakauki kwa mwendo mmoja. Ya matumbawe ya pwani hukauka usoni upesi kwa upepo wa bahari, lakini mapango yake huvuja siku kadhaa, na kishikio kikavu huwa na maji nyuma yake. Mawe ya mchanga, kama yale ya upande wa Mazeras na Mariakani, ndiyo ya kuogopwa: maji huidhoofisha ile gundi ya asili inayoshikanisha chembe, na kishikio kilichobeba watu mwaka mzima huvunjika. Chimba kidogo kwenye mchanga chini ya mwamba. Ukiukuta na unyevu, mwamba nao una unyevu ndani. Toa siku mbili hadi tatu za jua. Majabali magumu ya Voi na Taita hukauka ndani ya saa moja ya jua, ila ukungu wa kijani juu yake hubaki ukiteleza. Mwamba ulio ndani ya msitu wa Kaya si wa kupandwa. Misitu hiyo ni mitakatifu, na tangu 2008 baadhi yake imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Ukiona radi na ngurumo ikafuata kabla ya kuhesabu sekunde 30, shuka, na usirudi juu mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Bolti zilizo karibu na bahari zisiaminiwe kwa kung'aa kwake. Chuma cha pua kwenye chumvi na joto huweza kupasuka kwa ndani huku nje kikionekana kizima. Titani ndiyo inayostahimili. Siku ya kwanza baada ya masika, mtu wa kwanza apande akiwa amefungwa kamba iliyotangulia kupitishwa juu kwenye nanga mbili tofauti, agonge kila kishikio kwa kiganja kabla ya kukiegemea, na achungulie kila pango kwa nyuki kabla ya kutia mkono. Mlio wa kishikio ukiwa mzito na wa ndani, kiache. Siku hiyo chagua njia zilizo ngazi mbili za ugumu chini ya zile ulizokuwa ukizipanda mwezi wa tatu, hata kama mtungi umeshafika lita 30.